Kozi fupi ya saikolojia jamii mjini Unguja: ada yake ni halali, hadithi zake zihakikiwe

Kozi ninayoitathmini hapa hufundishwa jioni, baada ya sala ya Alasiri hadi kukaribia Magharibi, katika chumba cha ghorofani mjini Unguja, na washiriki walioko Pemba huifuata kwa simu. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu kasoro zake nitazisema wazi na walimu wake ni watu wanaofahamika mjini. Waandaaji waliitangaza kuwa ni kozi ya "kumjua binadamu", tangazo lililonifanya nisite kulipa, maana wanaouza elimu ya kumjua binadamu ni wengi na bidhaa yao mara nyingi ni maneno matupu. Nilichokikuta ni tofauti. Sehemu ya pili ya kozi hii, inayohusu namna ya kufanya utafiti, ni bora kuliko chochote nilichokiona kikifundishwa kwa bei hiyo hapa visiwani. Sehemu ya kwanza, inayohusu dhana na majaribio mashuhuri, ni tamu kuisikiliza, lakini baadhi ya mambo yake husimuliwa kama yalivyosimuliwa miaka 40 iliyopita. Kasoro kubwa ya kozi ni kwamba zana nzuri inazozitoa katika sehemu ya pili haizitumii kuikagua ile ya kwanza.

Kuhusu mazingira sina mengi. Ada ni shilingi laki moja na nusu pamoja na vitini, chumba kina feni za kutosha, na umeme ukikatika darasa huhamia barazani chini bila ya malalamiko. Vitini ni nakala za nakala, na michoro yake mingi haisomeki. Mwalimu mkuu, ambaye sote tulimwita Maalim, anajua kufundisha: hasomi kwenye karatasi, na huuliza kabla ya kueleza. Darasani kwetu walikuwamo walimu wa skuli, wauguzi, wafanyakazi wa mahoteli, askari polisi mmoja, karani wa sheha na watu wa mashirika ya maendeleo, na mchanganyiko huo ulikuwa na faida kuliko nilivyotarajia.

Somo la kwanza lilianza na maelezo ya mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport, ambaye mwaka 1954 aliielezea saikolojia jamii kuwa ni jitihada ya kufahamu jinsi mawazo, hisia na mwenendo wa mtu mmoja vinavyoathiriwa na watu wengine, wawe wapo kweli, wawe wanafikiriwa tu, au uwepo wao uwe unadokezwa na mazingira. Maalim alitoa mifano ya hapa hapa: kijana anayefunga vifungo vya shati kabla ya kupita mbele ya baraza ya wazee ingawa hakuna aliyemwita, na mtu aliye peke yake chumbani anayefuta ujumbe wa sauti na kuurekodi upya kwa kumfikiria atakayeusikiliza. Kutoka hapo aliturudisha hadi 1898, pale Norman Triplett wa Marekani alipoona kuwa waendesha baiskeli walikuwa na kasi zaidi walipoendesha pamoja na wengine kuliko walipokuwa peke yao, kisha akawapa watoto kazi ya kuzungusha vigurudumu vya kuvulia samaki ili alichunguze jambo hilo kwa karibu.

Lakini kundi haliongezi bidii siku zote, na hapa ndipo darasa lilipochangamka. Mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake waliwataka wanafunzi wapige makofi na kelele kwa nguvu zao zote, mara wakiwa peke yao na mara wakiwa katika makundi. Wakiwa wawili, kila mmoja alitoa wastani wa asilimia 71 ya kelele alizozitoa akiwa peke yake. Wakiwa wanne, asilimia 51. Na wakiwa sita, asilimia 40. Karani wa sheha alicheka, akasema kuwa kutegea kwa namna hiyo anakuona kila siku ya usafi wa mtaa, na kwamba hali ilibadilika pale kila nyumba ilipopewa kipande chake cha mtaro kilichoandikwa jina. Maalim akaeleza kuwa watafiti hao hao baadaye waligundua jambo hilo hilo: mchango wa kila mmoja unapoweza kutambulikana, kutegea hupungua sana. Kwa mfululizo wa namna hiyo, dhana ikitoka Marekani na kukutana na mtaro wa Unguja, kozi hii ilistahiki ada yake.

Dhana ya pili iliyofundishwa vyema ni tabia yetu ya kumhukumu mtu kwa asili yake na kuisahau hali inayomzunguka. Mwaka 1967 Edward Jones na Victor Harris waliwapa wanafunzi insha za kumuunga mkono au kumpinga Fidel Castro. Hata walipoambiwa kuwa mwandishi alipangiwa upande wa kuandikia na hakuuchagua, wasomaji bado waliamini kwamba alichokiandika ndicho kilichokuwa moyoni mwake. Mfano wa darasani ulikuwa dereva wa daladala. Abiria humwita mkorofi anapokimbiza gari, na ni wachache wanaoikumbuka hesabu ya tajiri inayomsubiri jioni. Maalim aliongeza utafiti wa Joan Miller wa 1984, uliolinganisha watu wa Chicago na Wahindu wa Mysore, ukaonesha kuwa watu wazima wa Mysore walieleza matendo ya wengine kwa kutaja hali na mahusiano zaidi kuliko Wamarekani, na kwamba tofauti hiyo ilikuwa ndogo kwa watoto na ikakua kadiri ya umri. Ni kipengele kimojawapo kati ya vichache ambapo kozi ilikumbuka kuwa dunia si Marekani peke yake.

Somo la kufuata mkumbo ninalitaja kwa urefu kwa sababu lilifundishwa kwa vitendo. Tuliokuwa tumewahi tuliagizwa kusema, kwa sauti moja, kuwa mstari wa pili ubaoni ndio uliolingana na ule wa mfano, hali ya kuwa kila mtu aliona kuwa ni wa tatu. Mwenzetu mmoja wa hotelini alichelewa, kama kawaida yake. Alipokaa, Maalim akatuzunguka mmoja mmoja, na jibu likawa ni lile lile mpaka zamu ikamfikia. Aliuangalia ubao, akatuangalia, akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, kisha akasema polepole, "Wa pili... naona ni wa pili, Maalim." Tulicheka, naye akacheka pia, ingawa si kwa furaha kama yetu.

Ndivyo Solomon Asch alivyofanya kwenye miaka ya 1950, ila kwa utaratibu makini zaidi: mshiriki mmoja wa kweli aliwekwa kati ya watu waliokwisha kupangwa, na katika mizunguko 18 watu hao walitoa jibu la makosa mara 12. Kwa jumla kama thuluthi moja ya majibu ya washiriki katika mizunguko hiyo ilifuata makosa ya wengi, na karibu robo tatu ya washiriki walifuata angalau mara moja, ilhali watu waliojibu bila ya shinikizo hawakukosea ila kwa nadra sana. Sifa ya Maalim ni kwamba hakuishia hapo kama wanavyoishia wengi. Alisisitiza kuwa robo ya washiriki hawakuyumba hata mara moja, na kwamba alipokuwepo mtu mmoja tu wa kusema kweli, kufuata mkumbo kulishuka hadi sehemu ndogo ya kile cha awali. Alitaja pia utafiti wa John Berry wa 1967 uliowapa mtihani wa namna hiyo Watemne wa Sierra Leone, ambao ni wakulima, na Wainuiti wa Kisiwa cha Baffin huko Kanada, ambao walikuwa wawindaji. Watemne walifuata kundi zaidi, na Berry akaihusisha tofauti hiyo na malezi yanayotakiwa na aina ya riziki ya kila jamii.

Nina neno moja la lawama juu ya somo hilo zuri. Mwenzetu wa hotelini hakuelezwa mara moja kuwa amechezewa. Aliachwa na aibu yake hadi kipindi kilichofuata, ndipo alipoambiwa. Majuma kadhaa baadaye Maalim huyo huyo alitufundisha kwamba mshiriki aliyedanganywa kwa ajili ya jaribio lazima afichuliwe ukweli kabla hajaondoka, na atoke akiwa katika hali ile ile aliyokuja nayo au bora zaidi. Jaribio la darasani halina msamaha wa kanuni hiyo.

Kuhusu utiifu, kozi ilimtegemea Stanley Milgram, na kwa sehemu hii siwezi ila kusifu. Wengi tumesikia kuwa katika Chuo Kikuu cha Yale, watu 26 kati ya 40, yaani asilimia 65, waliendelea kubonyeza swichi walizoamini kuwa zinampiga mtu umeme, mpaka volti 450, kwa sababu mtafiti aliyevaa koti aliwaambia waendelee, ingawa mtu wa chumba cha pili alikwisha kugonga ukuta na hatimaye kunyamaza. Umeme wenyewe haukuwa wa kweli, na mtu yule alikuwa mwigizaji. Tusichokisikia ni kuwa Milgram alifanya jaribio hilo kwa sura nyingi, na ndani ya sura hizo ndimo lilimo somo: mwathirika alipowekwa chumba kimoja na mshiriki, waliofika mwisho walikuwa asilimia 40, mshiriki alipotakiwa kumshika mkono na kuubonyeza kwenye bamba la umeme, asilimia 30, mtafiti alipotoa amri kwa simu, kama asilimia 20, na mshiriki alipowaona wenzake wawili wakikataa, asilimia 10. Askari polisi wetu aliandika takwimu hizo zote, kisha akasema kuwa kumbe swali la kuuliza juu ya amri mbaya ni nani alikuwa karibu na nani, na siyo tu nani ni katili. Maalim alimalizia kwa Jerry Burger, ambaye mwaka 2009 alilirudia jaribio kwa kuwasimamisha watu kwenye volti 150 ili wasiumie nafsi, akakuta asilimia 70 walikuwa tayari kuendelea.

Baada ya kilele hicho kozi iliteremka. Somo la watazamaji wasiosaidia lilianza na kisa cha Kitty Genovese, aliyeuawa New York tarehe 13 Machi 1964, na tukaambiwa kuwa watu 38 walitazama kutoka madirishani kwa zaidi ya nusu saa bila ya hata mmoja kupiga simu. Askari akanyosha mkono: "Maalim, hao 38 aliwahesabu nani?" Jibu alilopewa ni kwamba ndivyo ilivyoandikwa gazetini. Swali la askari lilikuwa bora kuliko jibu. Mwaka 2007 wanasaikolojia Rachel Manning, Mark Levine na Alan Collins walizipitia kumbukumbu za kesi na wakaonesha kuwa hakuna ushahidi wa mashahidi 38 waliotazama tangu mwanzo hadi mwisho. Wengi walisikia sauti tu, sehemu ya tukio ilifanyika mahali pasipoonekana, na zipo taarifa za watu waliowapigia simu polisi. Hadithi ya gazeti ilikuwa kali kuliko tukio.

Hili halibatilishi majaribio ya John Darley na Bibb Latané yaliyochochewa na kisa hicho. Mwaka 1968 waliwaweka wanafunzi katika vyumba mbalimbali wakizungumza kwa vipaza sauti, kisha mmoja akasikika kama amepatwa na kifafa. Aliyedhani kuwa ni yeye peke yake aliyesikia alitoka kutafuta msaada kabla kifafa hakijamalizika katika asilimia 85 ya hali, na aliyedhani kuwa wapo wanne wengine wanaosikia, asilimia 31. Matokeo hayo ni ya thamani. Lakini kozi ilipaswa kuweka kando yake utafiti mpya zaidi wa Richard Philpot na wenzake, walioangalia picha za kamera za mitaani za ugomvi 219 katika miji ya Amsterdam, Lancaster na Cape Town, wakakuta kuwa katika matukio tisa kati ya kumi angalau mtu mmoja aliingilia kati, na kwamba watazamaji walipokuwa wengi uwezekano wa kupatikana wa kusaidia uliongezeka. Matokeo ya namna mbili hizi hayapingani, kwa kuwa moja linapima uwezekano wa mtu mmoja na jengine uwezekano wa kundi, na kulieleza hilo kungekuwa somo la utafiti lenye manufaa kuliko kisa chenyewe.

Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa gereza la kuigiza la Philip Zimbardo. Tulielezwa kuwa mwaka 1971 katika Chuo Kikuu cha Stanford vijana wa kawaida waligeuka walinzi wakatili kwa sababu tu ya sare na nafasi waliyopewa, mpaka jaribio lililopangwa kwa wiki mbili likasitishwa baada ya siku sita. Hatukuelezwa kuwa Thibault Le Texier, aliyezisikiliza kanda na kuzisoma nyaraka za jaribio lile, alionesha mwaka 2019 kuwa walinzi walipewa maelekezo ya namna ya kuwatendea wafungwa, na mmoja aliyekuwa mpole alihimizwa awe mkali. Mtu akielekezwa kuwa mkali kisha akawa mkali, kinachopimwa ni utiifu, na hilo tulikwisha kufundishwa kwa Milgram kwa ushahidi ulio imara zaidi.

Daraja la kuvukia sehemu ya pili lilikuwa Richard LaPiere, na hapo Maalim alirudi katika ubora wake. LaPiere alisafiri Marekani pamoja na mtu na mkewe wa Kichina katika zama za chuki kubwa dhidi ya Wachina, wakafika katika nyumba za kulala na kula 251, na wakakataliwa mara moja tu. Miezi baadaye aliwaandikia wenye nyumba hizo kuwauliza kama wangewapokea wageni wa Kichina, na zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu wakasema hapana. Utafiti huo ulichapishwa 1934. Wenzetu wa mahoteli waliuelewa mara moja, maana wanajua kuwa jibu la barua pepe na uso wa mgeni mlangoni ni mambo mawili. Kisha Maalim akatuachia tuutafute upungufu wake wenyewe: aliyejibu barua huenda siye aliyempokea mgeni, waliojibu walikuwa takriban nusu tu, na wageni wale walikuwa nadhifu, wanasema Kiingereza vizuri, na wameongozana na Mmarekani mweupe.

Kuanzia hapo kozi ilibadilika kabisa. Tofauti kati ya mambo kuambatana na jambo moja kusababisha jengine ilifundishwa kwa swali la baraza: tuseme imeonekana kuwa wanaokaa barazani kila jioni wanalalamikia upweke kidogo kuliko wasiokaa; je, baraza inaondoa upweke, au wapweke ndio wasiokwenda, au afya ya miguu ndiyo inayoamua yote mawili? Tulibishana mpaka adhana ikatukatiza. Ili kulijibu kwa jaribio, tukafundishwa, watu wagawanywe kwa bahati nasibu. Na tukafanya hivyo kwa vikaratasi ndani ya kofia ya vito, wenye namba witiri upande huu na wenye shufwa upande ule, tukaona wenyewe jinsi umri, jinsia na kazi vilivyojigawa bila ya mtu kuvipanga, ingawa kwa kundi dogo kama letu havikujigawa sawasawa.

Tuliambiwa tusichanganye kugawanya watu kwa nasibu na kuwachagua kwa nasibu. Kule ndiko kunakompa mtafiti haki ya kusema "hiki kimesababisha kile", na huku ndiko kunakompa haki ya kusema "Wazanzibari". Sensa ya 2022 ilihesabu karibu watu milioni 1.9 Zanzibar, lakini sampuli ya watu wapatao 400 waliochaguliwa kwa nasibu inatosha kukadiria asilimia fulani kwa mkengeuko wa kama asilimia 5 juu au chini. Elfu nne waliokusanywa Darajani kwa sababu walikuwa wanapita hawatufikishi huko, kwani mvuvi wa Micheweni na mkulima wa mwani wa Jambiani hawakuwa na nafasi yoyote ya kuingia.

Zoezi la uwandani ndilo lililonishawishi kuandika tathmini hii. Kwanza tulitunga dodoso, na Maalim akatupilia mbali karibu nusu ya maswali yetu. "Je, unaridhika na huduma za maji na umeme?" ni maswali mawili katika moja, na anayeridhika na moja hana la kujibu. "Je, hukubaliani kuwa usafi ni muhimu?" linamlazimisha mtu jibu. Kipimo cha ngazi tano alichokianzisha Rensis Likert mwaka 1932, kutoka "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa", tukakuta wazee wengi hawakitumii. Wao hujibu ndiyo, hapana, au hueleza. Tulipokwenda sokoni Mwanakwerekwe, bibi mmoja muuza ndimu alinisikiliza kwa adabu maswali matatu, kisha akaiangalia karatasi yangu na kusema, "Tia ndiyo, mwanangu. Kila anayekuja na karatasi hutaka ndiyo." Nilimwomba anieleze mwenyewe badala ya kuchagua, na maelezo yake yalipingana na ndiyo zote tatu nilizokwisha kuziandika. Mwenzangu alipata tatizo jengine: alifuatana na mtu wa ofisi ya sheha kwa ajili ya utambulisho, na kwa muda wote mtu yule aliposimama karibu, hakuna aliyekuwa na kero yoyote mtaani. Wataalamu wanalizungumzia jambo hili kwa muda mrefu, mtu kutoa jibu linalompamba au linalomridhisha muulizaji, lakini kulisoma kitini hakukaribii kusimama nalo sokoni.

Zoezi la ushuhudiaji lilikuwa kwenye kituo cha daladala. Kazi ilionekana nyepesi mno: wawili wawili, kila mmoja na karatasi yake, tuhesabu abiria wanaosalimia wanapopanda na tuone kama gari iliyojaa huitikia kuliko iliyo tupu. Mimi na mwenzangu tulirudi na hesabu zinazotofautiana vibaya. Yeye alimhesabu aliyeinua mkono na kutabasamu. Mimi nilimhesabu aliyetoa salamu kwa sauti peke yake. Na yule aliyesema "Asalamu alaykum" akiwa kwenye simu, alimsalimia nani? Maalim alitukalisha tukaandika maana ya salamu kwa sentensi mbili, tukarudi, na mara ya pili hesabu zetu zilikaribiana sana. Sijui njia fupi zaidi ya kumfundisha mtu kwamba kipimo kisichoelezwa hakipimi kitu. Swali la kuitikia halikupata jibu la maana, na Maalim, kwa uaminifu wake, alikataa tulitafutie jibu kwa nguvu.

Maadili ya utafiti yalifundishwa kwa ufupi lakini kwa uzito: ridhaa ya mshiriki, haki yake ya kuacha katikati, siri ya majibu, na kibali cha Serikali kabla ya kwenda uwandani. Muuguzi mmoja alikumbusha kuwa kwa baadhi ya wazee kutia saini au dole gumba kwenye karatasi kunaogopesha kuliko maswali yenyewe, na kwamba ridhaa ya mdomo mbele ya shahidi mara nyingine ni ya kweli zaidi.

Suala la kurudiwa kwa tafiti, ambalo ndilo lililoitikisa fani hii katika miaka ya karibuni, lilipewa dakika chache za mwisho za kipindi cha mwisho. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lililoratibiwa na Brian Nosek lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Za awali, asilimia 97 zilikuwa na matokeo yaliyopita kipimo cha kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu, na zile za saikolojia jamii zilifanya vibaya zaidi, kama robo. Miaka minne kabla, Diederik Stapel wa Uholanzi aligundulika kuwa alitunga data zake nyingi. Na mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan waliwakumbusha wenzao kuwa sehemu kubwa sana ya washiriki wa tafiti hizi ni watu wa nchi tajiri za Magharibi, hasa wanafunzi wa vyuo vikuu. Henrich huyo alikuwa katika timu iliyochezesha michezo ya kugawana fedha katika jamii ndogo 15, Wahadzabe wa Tanzania wakiwemo, na kukuta tofauti kubwa ambazo maabara za Marekani zisingeziona. Wahadzabe hawakutajwa katika kozi hii hata kwa bahati mbaya, jambo ambalo kwangu ni upungufu usioeleweka.

Washiriki wa Pemba wanastahiki sentensi zao. Walilipa ada sawa na sisi, lakini sauti iliwakatikia mara kwa mara, jaribio la mistari hawakuliona, na zoezi la uwandani waliachiwa walifanye wenyewe Chake Chake, wakatuma picha za madodoso, na maoni ya mwalimu yakawafikia baada ya kozi kumalizika. Mmoja wao alituandikia, kwa upole wa Kipemba, kuwa anashukuru kwa nusu aliyoisikia. Ama walimu wavuke angalau kwa wiki ya uwandani, au ada ya Pemba ipunguzwe.

Cheti kinachotolewa ni cha mahudhurio, na asiyekosa vipindi hukipata hata kama hakuandika neno. Asikitegemee mtu kwa kuombea kazi. Kwa mwalimu wa skuli, muuguzi, mtumishi wa shehia au yeyote ambaye kazi yake ni kupeleka madodoso kwa watu, ningesema alipe bila ya kusita, na ahudhurie hasa vipindi vya sokoni na kituoni. Kwa anayetaka kujua tu majaribio mashuhuri, laki moja na nusu ni nyingi kwa hadithi ambazo nyengine zimekwisha kusahihishwa. Anayejiandikisha kwa awamu ijayo aulize kabla ya kutoa fedha kama zoezi la uwandani bado limo, maana nimesikia waandaaji wanafikiria kulipunguza ili kozi iwe fupi na waingie watu wengi zaidi. Wakiliondoa, tathmini yangu isihesabiwe kuwa ni ya kozi hiyo tena.